Lulu Ni ya Nani? Neno kwa Vijiji vya Pwani Juu ya Ufugaji wa Chaza



Popote penye maji safi na watu maskini, siku moja hufika mgeni mwenye mkoba. Ndani ya mkoba hutoa kidani chenye lulu, akawaonyesha wazee, akasema: hii imetoka katika bahari kama hii yenu. Kisha husema kwamba lulu ni kazi ya wataalamu, kwamba mwanakijiji hawezi kuijua; kwa hiyo kijiji na kitoe ghuba na mikono, mgeni alete fedha na ujuzi, na mwisho wa mwezi kila mtu atapata chake.

Tunasema mapema ili tusieleweke vibaya: hatupingi ufugaji wa chaza wa lulu. Tunautaka. Tunachokipinga ni yale maneno ya kwamba mwanakijiji hawezi kuijua kazi hii. Hayo ni mtego, nao si mpya. Wazee wetu walikwisha kunaswa nao, wengine kwa minyororo kabisa.

Neno lulu tumelipata kwa Waarabu, na historia yake chungu imepita hapa kwetu. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya lulu za dunia ilitoka katika Ghuba ya Uajemi: Bahrain, Kuwait, Qatar, na pwani ambayo leo ni ya Falme za Kiarabu. Msimu mkubwa wa kuzamia ulichukua takriban miezi minne ya joto kali. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafungiwa jiwe mguuni, akashuka chini kwa pumzi moja, akaokota chaza na kuwatia katika kikapu, kisha akavutwa juu kwa kamba na mwenzake. Alifanya hivyo mara nyingi kwa siku, tangu jua kuchomoza hadi kutua. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, au watoto wao. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengine wao walikuwa bado wanakwenda kwa mawakala wa Uingereza katika Ghuba kuomba hati za uhuru.

Lakini hata mzamiaji aliyezaliwa huru hakuwa huru sana. Nahodha (nao walitumia neno hilohilo) alimpa mkopo kabla ya msimu ili familia isife njaa akiwa baharini, na mkopo mwingine baada ya msimu ili wavuke miezi ya baridi. Daftari la hesabu lilikuwa mikononi mwa nahodha, na nahodha naye alikuwa na deni kwa tajiri wa mjini aliyenunua lulu. Mwisho wa msimu gharama za chakula zilitolewa kwanza, ndipo mgawo ukahesabiwa; na mara nyingi mzamiaji alishuka chomboni akiwa na deni kubwa kuliko alilopanda nalo. Alipokufa, deni lilimwangukia mwanawe.

Bahrain, katika miaka ya 1920, zilitungwa kanuni za kumpa kila mzamiaji kitabu chake mwenyewe cha hesabu. Jambo dogo, mtasema. Manahodha na matajiri hawakuliona dogo hata kidogo. Walilipinga kwa nguvu. Na mwaka 1932 wazamiaji wenyewe walifanya ghasia kwa sababu mikopo ilikuwa imepunguzwa. Tafakarini hilo, ndugu zetu. Mtu akikaa katika deni muda mrefu, deni lenyewe huwa ndilo chakula chake, na siku likipunguzwa hulilia.

Mfano wa mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili anunue lulu moja ya thamani tumeusikia mara nyingi kanisani. Mfano huo unahusu Ufalme wa Mungu, wala haukukusudiwa kutueleza habari za soko. Hata hivyo haidhuru sisi, tunaoishi ufuoni, tukijiuliza ni nani aliyeizamia lulu ile, na kwamba yeye alilipwa nini.

Biashara ya Ghuba iliangushwa na mambo mawili yaliyokutana: mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, na lulu za kufugwa kutoka Japani. Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto, mwana wa muuza tambi, alifanikiwa kupata nusu lulu ndani ya chaza aliowapandikiza mwenyewe. Njia ya kupata lulu ya mviringo kamili ilipatikana Japani miaka kumi na kitu baadaye, na wanaotajwa kwayo ni Tatsuhei Mise, aliyekuwa seremala, na Tokichi Nishikawa. Angalieni vizuri kazi za watu hawa. Mmoja alizaliwa katika nyumba ya muuza chakula, mwingine alikuwa fundi mbao. Tunaambiwa kwamba lulu ni elimu isiyofikiwa na mtu wa kawaida, na kumbe miongoni mwa walioigundua kulikuwa na mtu wa randa na patasi.

Tungetarajia basi kwamba baada ya ugunduzi huo, unyonge wa mtu wa lulu ungekwisha. Kifo cha kuzamia kilipungua, na tunashukuru. Daftari la nahodha halikufa. Liligeuka likawa siri. Hata kabla ya hapo, huko Uswidi katika karne ya 18, mtaalamu mashuhuri wa mimea, Linnaeus, alifaulu kuotesha lulu ndani ya kombe wa mtoni, akaiuza siri yake kwa mfanyabiashara, na siri ikalala kabatini bila kumfaa mtu. Wajapani hawakuilaza yao kabatini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, walipokwenda kufuga lulu katika nchi nyingine, sera yao ilikuwa kwamba ufundi wa kupandikiza ubaki mikononi mwa Wajapani, na lulu zipitie katika soko la Japani. Huko Kuri Bay, Australia, shamba lilipoanzishwa mwaka 1956, bahari ilikuwa ya Australia na chaza walikuwa wa Australia, ila kisu cha kupandikizia kilishikwa na fundi wa Kijapani. Hatuwalaumu Wajapani peke yao. Kila aliye na siri yenye faida huificha. Tunachosema ni kwamba aliyeshika kisu kile kidogo ndiye mwenye lulu, hata kama ghuba ni ya mwingine.

Siri yenyewe basi ni ipi? Tuieleze hapa waziwazi, maana siri ikiisha kuelezwa hupoteza nusu ya nguvu zake.

Watu wengi husema lulu hutokana na chembe ya mchanga. Si hivyo. Chaza huishi baharini maisha yake yote, naye hujua kuutema mchanga. Lulu ya asili huanza pale ngozi laini inayotandaza gamba inapojeruhiwa, labda na mdudu aliyepenya, na chembe hai za ngozi hiyo zikasukumwa ndani ya nyama. Huko ndani chembe hizo huendelea na kazi zilizozaliwa nayo: hujenga kifuko, na ndani ya kifuko humwaga tabaka juu ya tabaka la ile mali ing'aayo ambayo chaza hupakia gamba lake. Ufugaji wote wa lulu umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Njia rahisi ni ya nusu lulu. Chaza mzima hufunguliwa kidogo kwa kabari, ngozi yake husogezwa kwa uangalifu, na kiini cha plastiki chenye umbo la nusu tufe hugandishwa kwa gundi ndani ya gamba. Chaza mmoja huweza kupokea viini vitatu au vinne. Kisha hurudishwa baharini, akaning'inizwa kwenye kamba iliyofungwa maboya, naye hukifunika kiini kwa tabaka zake kwa muda wa miezi tisa hadi mwaka. Mwisho wake gamba hukatwa, kiini hutolewa, tundu hujazwa utomvu mgumu, na nyuma hubandikwa kipande cha gamba. Nyama ya chaza huliwa. Mwanamke aliyezoea kufuma ukili ana mikono inayotosha kabisa kwa kazi hii.

Njia ya pili ni ya lulu ya mviringo. Hapo chaza mmoja hutolewa kafara; ngozi yake hukatwa vipande vidogo kama punje. Chaza mwingine hupasuliwa, ndani yake huingizwa shanga iliyochongwa kutoka gamba la kombe wa mito ya Marekani, pamoja na kile kipande cha ngozi, navyo sharti vigusane. Kipande hicho ndicho kitakachojenga kifuko. Wako watakaokufa, wako watakaoitema shanga, na kwa waliobaki lulu nyingi hutoka na kasoro. Zilizo kamilifu ni chache. Katika visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, ambako chaza mwenye midomo myeusi ndiye afugwaye, kusubiri huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mkono wa kazi hii haupatikani kwa semina ya siku tatu. Hupatikana kwa kupasua mamia ya chaza mbele ya mwalimu asiyeficha.

Wako pia wanaowasimulia watu habari za lulu za abaloni, yule konokono mkubwa wa mawe mwenye gamba moja lenye rangi za buluu na kijani. Ni kweli lulu hizo zipo na ni nzuri mno. Mfaransa Louis Boutan alizijaribu tangu mwaka 1897, na New Zealand walifika kuzifuga kwa biashara, nusu lulu zenye rangi ambayo chaza hawezi kuitoa. Lakini mnyama huyu ni mgumu. Ana mguu wenye misuli mikubwa unaoweza kukisukuma nje kiini ulichokitia. Damu yake haigandi, hivyo jeraha dogo laweza kumwua. Na wale wakubwa wafaao huishi katika maji baridi, wakila magugu makubwa ya bahari za huko. Abaloni wa bahari yetu yenye joto ni wa aina ndogo. Anayewaahidi watu wa Tanga au Lamu utajiri wa lulu za abaloni, mwombeni awaonyeshe abaloni kwanza. Tunaongeza kwamba huko Afrika Kusini, ambako abaloni mkubwa yupo na nyama yake ni ghali, ujangili umewamaliza sehemu nyingi na kuwaingiza vijana wa vijiji vya pwani katika magenge. Thamani ikitangulia haki, mwisho wake huwa huo.

Sisi tunaye chaza mwenye midomo myeusi, na tunaye chaza mwenye bawa, yule ambaye gamba lake limechongoka upande mmoja kama ubawa wa ndege. Wote wawili hutoa nusu lulu nzuri. Hatusemi kwa kubahatisha. Katika miaka ya 2000, kwenye Ghuba ya Menai huko Unguja, wanawake wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi walifundishwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Dkt. Narriman Jiddawi, pamoja na wenzao kutoka chuo kikuu cha Hawaii. Hao walikuwa wanawake waliokuwa wakiokota chaza na kombe maji yakitoka, kwa ajili ya kitoweo. Waligandisha viini kwa mikono yao. Walipata nusu lulu. Magamba waliyokuwa wakiyatupa jaani waliyang'arisha wakatengeneza hereni na vidani. Na pamoja na hayo vijiji vilikubaliana kutenga sehemu za ghuba ambazo haziokotwi, ili chaza wapate kuzaliana.

Kazi yao haikuwa na miujiza. Wateja ni wachache, ung'arishaji unataka mashine na umeme, wezi wapo, na kamba zisiposafishwa huota kila aina ya uchafu wa bahari unaomnyima chaza chakula. Hayo yote ni shida za mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Twazitofautisha na shida za mtu anayefanya kazi ya mwingine.

Hapo ndipo wapinzani wetu hutujibu kwamba nusu lulu ni rahisi mno sokoni. Fedha ziko kwenye lulu ya mviringo, na lulu ya mviringo inataka mwekezaji. Tunakubali nusu ya kwanza. Nusu lulu bei yake ni ndogo. Lakini mtu aliyejifunza kumfungua chaza bila kumwua, anayejua ghuba yake ina maji mazuri wapi na machafu wapi, aliyekwisha kuona chaza zake wakifa kwa mvua za masika akajua kuwashusha chini zaidi, huyo akikutana na fundi wa lulu ya mviringo atajua kuuliza maswali. Asiyejua hata hayo atapewa kazi ya kusugua magamba, naye atasugua magamba hadi uzeeni.

Wala tusijidanganye kuhusu bei ya lulu ya mviringo. Polinesia ya Kifaransa ilipozalisha kupita kiasi, bei ya lulu nyeusi ilianguka, na wengi wenye mashamba madogo wakafunga. Katika kisiwa cha Manihiki, mwaka 2000, chaza waliosongamana mno katika maji yasiyosogea vizuri walipatwa na ugonjwa wakafa kwa wingi. Nchini Japani kwenyewe, tangu katikati ya miaka ya 1990, chaza walikufa kwa mamilioni. Na China, kwa kutumia kombe wa maji baridi asiyehitaji hata shanga, anayezaa lulu nyingi kwa mara moja, imejaza masoko ya dunia lulu za bei rahisi. Mwekezaji akipata hasara hufunga mkoba wake akaenda. Kijiji hakifungi mkoba.

Nasi tunao mfano wa karibu zaidi kuliko Manihiki. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na walioshika kazi hiyo wengi ni wanawake. Hatukatai kwamba mwani uliwapa akina mama fedha yao ya kwanza isiyopitia mkononi mwa mtu mwingine. Watoto walisomeshwa, mabati yalinunuliwa. Lakini kampuni zilileta kamba na mbegu, na aliyepokea kamba alitakiwa kuuza kwa kampuni iyo hiyo, kwa bei iliyotajwa na kampuni. Mwani mkavu ulisafirishwa ng'ambo ukiwa ghafi, ukatolewa huko ile mali inayotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu, na mwanamke aliyesimama majini hadi kiunoni alipewa kwa kilo mamia machache ya shilingi. Maji yalipopata joto na mwani wa bei nzuri ukaanza kufa, hasara ilikuwa yake. Kamba ya mkopo na mnunuzi mmoja: je, hamuoni sura ya yule nahodha wa Bahrain?

Kwa hiyo, wenyeviti wa vikundi, makatibu, na ninyi mnaokaa katika kamati za uvuvi na halmashauri za vijiji, mgeni mwenye mkoba akija msimfukuze. Mkaribisheni, mpeni maji, kisha mwambieni alete mkataba kwa Kiswahili na auache kijijini wiki mbili kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au dole gumba. Usomwe mbele ya watu wote, wanawake wakiwamo, siku ambayo si ya bamvua, maana siku za bamvua wanawake wako chini pwani na mkutano utakuwa wa wanaume peke yao. Tumekwisha kuona mambo makubwa yakipitishwa kwa ujanja huo mdogo.

Ulizeni ni vijana wangapi wa kijiji watafundishwa kupandikiza, si kusafisha, na kufikia mwaka wa ngapi. Iwapo jibu ni kwamba fundi atatoka nje daima, basi mmekwisha kujibiwa swali kuu. Ulizeni viini, gundi na kamba vitanunuliwa kwa nani, kama kikundi kina ruhusa ya kununua kwingine, na kama kina ruhusa ya kumwuzia mwingine. Ulizeni nani ataandika idadi ya chaza waliopandikizwa na lulu zilizotoka, na kwamba kila mwanakikundi awe na nakala yake. Kitabu kile kilichowatia hofu manahodha miaka mia moja iliyopita bado kinafaa.

Ulizeni chaza wadogo watatoka wapi. Kama wataokotwa wote miambani, ghuba itakuwa tupu kabla ya mavuno ya pili. Afadhali zitundikwe kamba na nyavu za kukusanyia watoto wa chaza, na sehemu za kuzalia zifungwe kwa makubaliano ya vijiji vyote vinavyotumia ghuba hiyo. Ulizeni pia iwapo boti za wavuvi na wanawake waokotao kombe wataendelea kupita, au kama maboya ya lulu yatageuka ukuta wa kuwafukuza watu katika bahari waliyozaliwa nayo.

Na mwisho ulizeni jambo ambalo mikataba mingi hulinyamazia: siku mwekezaji atakapoondoka, chaza waliobaki majini, wenye viini ndani yao, ni wa nani? Jibu hilo liandikwe, lipigwe mhuri, na nakala ikae ofisi ya kijiji na nyingine kwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Vikundi visivyo na mtu wa kuwasomea lugha ya kisheria vituletee karatasi zao parokiani siku yoyote ya juma. Tutazisoma pamoja nao, Waislamu na Wakristo, bila malipo.